Mzigo wa Mtumba: Kompyuta Kuukuu, Programu Huria na Maneno ya Njia ya Tabora



1.0 Utangulizi

Wahenga walinena: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Msemo huu husemwa leo kwa utani, lakini chimbuko lake ni kazi. Katika karne ya 19 mtu aliyekuwa na shehena ya kupeleka bara, au ya kuteremsha pwani, hakuwa na chombo cha kuisafirisha ila mabega ya watu, na wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi.

Mhadhara huu unauangalia mzigo mwingine, mwepesi zaidi na wa siku hizi, unaoingia Tabora kutoka mbali kama ilivyoingia mizigo ya zamani: kompyuta mpakato iliyokwisha tumika mahali pengine. Unauliza swali moja. Je, mtu wa Tabora aliyenunua kompyuta ya namna hiyo anaweza, kwa Kiswahili peke yake, kuelekezwa namna ya kuiwekea mfumo endeshi ulio huria na kuifanya ifanye kazi tena? Swali laonekana kuwa la mafundi. Hata hivyo, ndani yake mna suala la isimu ambalo limejadiliwa tangu istilahi za kompyuta zilipoanza kuundwa: nani anayestahili kuunda maneno ya teknolojia, na kwa kipimo gani yanahukumiwa kuwa yamefaa?

Hoja itakayotetewa ni kwamba Kiswahili cha njia ya misafara kilijengwa na watu waliokuwa na mzigo mikononi, na kwamba Kiswahili cha kompyuta hakitakomaa bila watu wa aina hiyo hiyo. Papo hapo itaonyeshwa kuwa mafundi peke yao hawatoshi, kwa sababu kuna kazi moja ya lugha ambayo neno la karakana haliwezi kuifanya.

2.0 Njia na Maneno Yake

Njia kuu ya kati ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Tabora ndipo misafara ilipopumzika, ikaajiri wapagazi wapya na kugawanyika, mingine ikielekea kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, yaani Tabora, mwezi Novemba. Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871, walikaa pamoja Kwihara, nje kidogo ya mji, mwanzoni mwa mwaka 1872. Majina ya wageni hawa yamehifadhiwa vitabuni. Majina ya wapagazi wengi waliowabebea hata karatasi za kuandikia vitabu hivyo hayakuhifadhiwa. Wala haifai kuisimulia njia hii kana kwamba ilikuwa ya vitambaa na pembe za ndovu tu. Watu waliotekwa nao walipitishwa humo, wakiwa wenyewe ni bidhaa.

Katika mwendo huo wa miezi, watu wa lugha nyingi walihitaji kuelewana juu ya mambo ya kila siku: nani atangulie, nani abebe nini, chakula ni kiasi gani, mtemi wa mbele atataka nini. Maneno yaliyotokana na mahitaji hayo yangali hai, ingawa maana zake zimesafiri. Inafaa kuyatazama machache.

Mnyapara ni neno linalohusishwa na Kinyamwezi, ambamo wanyampara walikuwa wazee au wakuu wa watu. Katika msafara alikuwa mkubwa wa kundi la wapagazi. Leo ni msimamizi wa kibarua, au mfungwa aliyepewa madaraka juu ya wenzake. Hongo lilikuwa ushuru wa njia, uliolipwa hadharani kwa mtawala wa nchi iliyopitwa. Leo ni malipo ya sirini ya kupindisha haki. Posho ilikuwa chakula, au kitambaa cha kununulia chakula, alichopewa mpagazi. Leo mtumishi hulipwa posho ya kikao, na Uganda posho ni ugali wenyewe. Na mtumba ulikuwa furushi la bidhaa lililofungwa ili litoshe bega la mtu mmoja, lenye uzito wa kadiri ya kilo 30.

Hakuna kamati iliyokaa kuamua maneno haya. Yalitoka kwa watu waliokuwa njiani, yakashika kwa kuwa kila aliyeyasikia aliona papo hapo kinachotajwa. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, yalisimuliwa kwa Kiswahili na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ni ushahidi kwamba lugha hiyo ya njia iliweza kubeba hesabu, mapatano, vita na safari bila kuazima nathari ya mtu mwingine.

Usanifishaji ulikuja baadaye. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja mjini kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Faida za uamuzi huo hazina haja ya kutetewa hapa. Lakini uliacha dhana iliyodumu, kwamba neno zuri hutoka pwani au mezani, na kwamba Kiswahili cha bara ni cha kurekebishwa. Dhana hiyo imeingia pia katika istilahi za kompyuta.

3.0 Kutoka Mtumba wa Kitambaa hadi Kompyuta ya Mtumba

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi wa masafa marefu ikafifia. Neno mtumba halikufa. Lilihamia kwenye nguo zilizovaliwa ng'ambo na kuletwa zikiwa zimefungwa marobota. Kwa kuwa nguo hizo zilikuwa zimetumika, maana ya kufungwa ikapungua na maana ya kutumika ikatawala. Siku hizi mtu hununua gari la mtumba, friji ya mtumba na kompyuta ya mtumba, ingawa hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichofungwa robota. Kwa lugha ya semantiki, sifa iliyokuwa ya bahati tu imekuwa kiini cha maana.

Kompyuta hiyo ya mtumba nayo ina jina linalostahili kusifiwa. Mpakato limetokana na kitenzi pakata, yaani kuweka mtoto au kitu mapajani. Mzungumzaji ambaye hajapata kuona kifaa chenyewe hukisia umbo lake kutokana na jina. Kenya hutumika kipakatalishi, lenye mzizi huo huo na tamati iliyochukuliwa kutoka tarakilishi. Tofauti hii ya nchi mbili si hasara, kwa sababu mzizi umebaki mmoja.

Kwa nini kompyuta huitwa kuukuu? Mara nyingi haijaharibika. Kilichokwisha ni huduma ya programu inayoiendesha. Windows XP iliacha kuhudumiwa Aprili 2014. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kichakato kipya kiasi pamoja na kijenzi maalumu cha usalama, ambavyo mashine nyingi za zamani hazina. Hivyo kompyuta yenye skrini nzima, kibodi nzima na diski nzima hutangazwa kuwa imezeeka kwa tarehe iliyopangwa mbali. Ofisi za nchi tajiri huiuza, nayo huteremka bandarini, ikapanda bara.

Mwenye kompyuta hiyo ana njia tatu. Aendelee na mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama. Awekewe nakala isiyo na leseni, ambayo hajui imetoka kwa nani na imebeba nini. Au awekewe mfumo huria, mwepesi, unaohudumiwa hadi leo. Njia ya tatu ndiyo ya halali na ya salama, na haidai ada ya leseni. Mwanafunzi wa sekondari wa Tabora ambaye wazazi wake wamejinyima kumnunulia kompyuta ya mtumba angepaswa kuijua kabla ya zile mbili. Mara nyingi haijui. Sehemu inayofuata inadai kuwa sababu mojawapo ya kutoijua ni ya kilugha.

4.0 Kupiga Windo: Neno la Fundi na Pengo Lake

Katika karakana za kompyuta za Tanzania, mteja hasemi kuwa anataka kusakinishiwa mfumo endeshi. Husema: nipigie windo. Fundi naye hujibu kuwa windo inapigwa leo, mashine ichukuliwe kesho. Usemi huu umeenea kiasi kwamba haufai kupuuzwa kama lugha ya mitaani.

Kitenzi piga ni miongoni mwa vitenzi vyenye kazi nyingi kabisa katika Kiswahili. Hupigwa simu, pasi, picha, rangi, kura, hodi, magoti na mswaki. Katika miundo hii piga hakina maana ya kugonga. Ni kitenzi chepesi kinachoiachia nomino maana, kisha chenyewe hubeba wakati, nafsi na kauli. Ndiyo maana kila kifaa kipya kinapoingia, piga huwa tayari kukipokea. Fundi aliyesema kupiga windo hakuharibu lugha. Alitumia kanuni ambayo wazee wake waliitumia walipoanza kupiga simu na picha.

Istilahi za mezani kwa tendo hilo ni sakinisha na sanidi. Sakinisha limeundwa vizuri. Ni kauli ya kutendesha ya sakini, yaani kukaa au kufanya makazi, hivyo programu hufanywa iwe mkazi wa mashine. Sanidi nalo limezaa sanidua kwa kauli ya kutendua, na baadhi ya watumiaji wa simu hukutana nalo wanapotaka kuondoa programu. Tatizo si ubaya wa maneno haya. Tatizo ni kwamba vyanzo tofauti huyatumia kwa kupishana: mahali pengine sanidi ni kuweka programu, mahali pengine ni kuipanga baada ya kuwekwa. Msomaji akipewa maelekezo mawili yaliyoandikwa na watu wawili, hajui kama ametakiwa kufanya tendo moja au mawili.

Linganisha na pakia na pakua. Kila Mswahili anajua kupakia mzigo na kuupakua, na kupakua chakula kutoka chunguni. Mzizi ni mmoja na viambishi vinapingana, -ia na -ua, kama ilivyo katika fungia na fungua. Maneno haya yalipopewa kazi ya kuhamisha faili kwenda na kutoka kwenye mtandao, hayakuhitaji kuelezwa. Hali kadhalika washa na zima, yaliyotoka kwenye moto na taa, na ganda, lililotoka kwenye uji na samli, ambalo sasa husemwa kwa kompyuta isiyoitika. Istilahi zilizoshika ni zile zilizokuwa tayari na kazi nyumbani, sokoni au bandarini.

Hata hivyo usemi wa kupiga windo una pengo kubwa, na hapa mtaalamu wa istilahi anahitajika. Windo limetokana na jina la bidhaa ya kampuni moja, nalo limegeuka kuwa jina la aina nzima. Jambo hili si geni. Kiwi ni dawa ya viatu ya kampuni yoyote, kolgeti ni dawa yoyote ya meno, na pampasi ni nepi yoyote ya kutupwa. Katika mifano hiyo madhara ni madogo, maana mnunuzi huziona rafuni bidhaa nyingine zikiwa zimepangwa kando kwa kando. Mfumo endeshi hauonekani rafuni. Mtu aliyejifunza kuwa kompyuta ina windo kama nyumba ilivyo na paa hawezi kuuliza kama kuna windo ya namna nyingine, kwa kuwa jina la aina na jina la bidhaa kwake ni kitu kimoja. Hachagui, kwa sababu lugha yake haijamwonyesha kuwa kuna cha kuchagua.

Neno mfumo endeshi, au mfumo wa uendeshaji, linaziba pengo hilo. Linasema kwamba kuna kitu cha jumla kiitwacho mfumo, na kwamba Windows ni mmoja, na Linux ni msingi wa mingine mingi. Hii ndiyo kazi ambayo karakana haikuifanya na isingeweza kulaumiwa kwa kutoifanya. Kwa hiyo mhadhara huu haupendekezi kuchagua kati ya kamati na fundi. Unapendekeza nomino ya kamati iolewe na kitenzi cha fundi. Kupiga mfumo ni Kiswahili safi, kinaeleweka karakanani, na kinaacha nafasi ya kuuliza: mfumo upi?

5.0 Bure na Huria

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa kuunda mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuusambaza. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini kilichokuja kuitwa Linux. Tangu mwanzo watetezi wa programu za aina hii wamepata taabu ya lugha. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa mtu asiyefungwa, hivyo wamelazimika kueleza kila mara kwamba wanazungumzia uhuru, si bei.

Kiswahili hakina taabu hiyo. Bure ni jambo moja na huru ni jambo lingine. Neno huria nalo lilikuwa limekwisha pata maana ya kitu kilichofunguliwa milango, kama katika soko huria na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992. Programu huria, kwa hiyo, ni istilahi iliyo sahihi kuliko ile ya asili. Inabeba uhuru wa mtumiaji na uwazi wa msimbo kwa pamoja.

Inasikitisha kwamba katika mazungumzo neno linalotumika zaidi ni programu ya bure. Bure kwa Kiswahili hubeba pia maana ya kutofaa: kazi bure, maneno ya bure, mtu bure. Mteja akiambiwa awekewe mfumo wa bure husikia kwamba anawekewa kisicho na thamani, na kwa mantiki ya lugha yake hakosei. Fundi akisema mfumo huria, ameitetea bidhaa kwa neno moja.

Mfano wa Ubuntu unafaa hapa. Mfumo huu ulitolewa Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwanafunzi wa isimu wa mwaka wa kwanza anajua kuwa ubuntu ni utu: kiambishi cha ngeli dhahania na shina lile lile la -tu, ambalo Kinyamwezi hulitamka katika munhu. Mtu wa Tabora anayefungua kompyuta yake na kuona jina hilo hakutani na neno geni kabisa. Kati ya mwaka 2005 na 2011, waandaaji wa Ubuntu walituma CD kwa posta bila malipo kwa aliyeomba, jambo lililowafaa watu wa miji yenye intaneti hafifu. Leseni iliruhusu CD moja inakiliwe mara nyingi kadiri ya haja. Leo flashi moja inaweza kupokezanwa vivyo hivyo, kutoka mkono hadi mkono.

6.0 Maelekezo Kamili kama Mtihani wa Istilahi

Orodha ya istilahi haithibitishi chochote mpaka istilahi zenyewe zikae ndani ya sentensi, na sentensi zimfikishe mtu mwisho wa kazi. Haya ni maelekezo ya kupiga mfumo huria kwenye kompyuta mpakato kuukuu, yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida.

Kwanza, nakili faili zote muhimu kwenye diski ya nje, kwa kuwa kazi hii inaweza kufuta kila kitu. Pili, tazama kama kichakato ni cha biti 32 au 64, na kumbukumbu ni gigabaiti ngapi. Mashine ya biti 64 yenye gigabaiti 2 hadi 4 itaendeshwa vizuri zaidi na mfumo mwepesi kama Xubuntu au Lubuntu, au na Debian yenye mazingira mepesi. Mashine ya biti 32 ina nafasi finyu: Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Tatu, kwa kompyuta nyingine yenye intaneti, pakua faili la mfumo, ulinganishe alama yake ya uthibitisho na ile iliyochapishwa na waandaaji, kisha uliandike kwenye flashi kwa programu maalumu. Kulinakili tu kama picha au wimbo hakutoshi.

Nne, chomeka flashi, washa mashine, na papo hapo bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha kuwakia. Kwenye mashine nyingi ni F2, F12 au Esc. Chagua flashi. Tano, ukiwa na flashi ya Xubuntu au Lubuntu, uonje mfumo kabla ya kuupiga, kwani huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu sauti, Wi-Fi na kamera. Wi-Fi ikikataa, huenda kadi yake inahitaji programu ndogo ya kiwandani. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, programu hizo huja pamoja na kisakinishi. Sita, ukiridhika, anza kupiga mfumo: chagua lugha, kibodi na majira ya Dar es Salaam, amua kama diski yote itumike au igawanywe, weka jina na nywila, kisha subiri. Saba, chomoa flashi, washa upya, na usasishe programu. Mashine ikiwa bado nzito, kubadilisha diski ya kuzunguka kwa diski isiyozunguka huleta nafuu kubwa kuliko kitu kingine chochote cha gharama hiyo.

Maelekezo haya yanafundisha mambo matatu. La kwanza, maneno mengi yaliyohitajika yalikuwapo: pakua, chomeka, washa, gawa, onja. Onja halimo katika orodha za istilahi, lakini mpishi yeyote anajua tofauti ya kuonja mchuzi na kuupakua. La pili, panapopwaya ni pale maneno mawili yanapogombea tendo moja, si pale neno linapokosekana. La tatu, yapo mambo ambayo tafsiri ya neno haiyafikii. Mtumiaji akichagua majira ya Dar es Salaam, saa nne asubuhi ataiona imeandikwa 10:00. Hesabu ya saa ya Waswahili, inayoanza jua linapochomoza, haimo katika tarakimu za mashine, ingawa asubuhi, mchana na usiku vimo katika data za lugha. Hapo kinachotakiwa ni mtaalamu wa Kiswahili kukaa na mwandishi wa programu, kwa kuwa istilahi mpya haitaondoa tatizo hilo.

7.0 Funzo la Kilinux

Kazi ya kuzipa programu huria sura ya Kiswahili si ndoto. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa nyumbani kwa mradi wa Kilinux, ulioendeshwa kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu na ujumbe kwa Kiswahili. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wa kutafsiri bidhaa zake kwa Kiswahili. Inafaa wanafunzi wakumbuke kwamba programu huria haikuingoja kampuni kubwa.

Jina la mradi lenyewe ni la kupendeza kwa mwanaisimu. Kiambishi ki- kinachotaja lugha na namna ya kutenda mambo, kama katika Kinyamwezi na Kiganda, kiliwekwa mbele ya Linux, ikawa kana kwamba kuna namna ya Kiswahili ya kuitumia mashine.

Mradi ule ulitoa zao zuri, lakini historia yake na ya miradi mingine ya aina hiyo inaonyesha ugumu ambao haukutokana na istilahi. Programu huria haikai mahali pamoja. Toleo hufuatwa na toleo, sentensi mpya huongezwa, za zamani hubadilishwa. OpenOffice yenyewe ilizaa LibreOffice mwaka 2010, na kazi ya kutafsiri ikahamia huko. Tafsiri isiyotunzwa huanza kuchanganyika na Kiingereza, nusu menyu hivi na nusu vile, mpaka mtumiaji akaona heri yote iwe Kiingereza. Kinachohitajika ni msafara usiokoma, wenye watu wa kupokezana. Mradi wenye tarehe ya mwisho hauwezi kuwa msafara wa namna hiyo.

Watu hao wapo. Ni wanafunzi wa isimu na wa kompyuta, ambao leo husoma katika majengo mawili bila kubishana juu ya neno hata moja. Na wapo mafundi, ambao hawajawahi kuulizwa.

8.0 Hitimisho

Mapendekezo ni machache. Kwanza, maneno ya karakana yakusanywe kwa utaratibu ule ule unaotumika kukusanya maneno ya lahaja, kuanzia miji ya bara kama Tabora, Kigoma na Mwanza, na yaandikwe pamoja na sentensi zake. Pili, vyombo vya lugha vikubaliane juu ya mgawanyo wa sakinisha na sanidi, kila moja lipewe kazi yake. Tatu, hakuna orodha ya istilahi za kompyuta itakayochapishwa kabla ya kupewa watu wasioijua kazi, wakiwa na mashine halisi mbele yao. Mashine ikiwaka, istilahi zimefaulu. Isipowaka, zirudi mezani. Nne, idara za Kiswahili ziwape wanafunzi wao kutafsiri na kutunza programu huria iliyo hai kama zoezi la kupimwa, ili kila kikundi kinachohitimu kikabidhi kazi kwa kinachofuata.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jitihada yote hii itumike kwa ajili ya kompyuta zilizokataliwa na wengine. Jibu ni kwamba ndizo zilizopo mikononi mwa watu. Somo la kompyuta shuleni hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi asiyekimudu hukariri vitufe bila kuelewa kinachoendeshwa. Mashine ya mtumba anayoweza kuifungua, kuionja na kuipiga mfumo kwa lugha anayoielewa ni darasa ambalo halijawahi kuwapo. Ikiharibika mikononi mwake, hasara si kubwa. Ikiwaka, amejifunza kwamba kitu kilichotangazwa kuwa kimekwisha hakikuwa kimekwisha.

Mpagazi wa Unyanyembe hakuutengeneza mtumba aliobeba, na wala hakupanga bei yake. Alichokuwa na uwezo nacho ni kuuita jina, na jina hilo limeishi kuliko kitambaa kilichokuwa ndani yake.